Kapiri Atakuja Jumamosi

Jumatatu, 3 Juni

MIMI NI MTU WA BAHATI. Nimeandika kwa herufi kubwa ili hata panya wa nyumba hii wasome. Leo kule Same, kwenye kituo cha kulea mbwa waliookotwa, walijitokeza waombaji arobaini kumtaka mbwa mmoja. Arobaini! Wengine walitoka Moshi na magari yao. Aliyechaguliwa nani? Tumainieli, mimi, utingo mstaafu, darasa la sita, mtu aliyefika Kapiri Mposhi, Zambia, kwa lori wakati wenzake wanaishia sokoni.

Mbwa mwenyewe ni jike. Rangi ya chai ya maziwa. Sikio moja limesimama, jingine limelala kama limechoka kusubiri. Umri haujulikani. Aligongwa na gari barabara kuu, akapona. Nilikuwa nimeingia pale kutafuta kivuli tu, nasubiri usafiri wa kupanda mlimani. Nikaanza kumsimulia safari yangu ya Kapiri Mposhi. Akanitazama mdomoni. Nikamweleza tulivyokwama Tunduma siku tatu. Hakuondoka. Hakupiga miayo. Kitongojini kwetu hakuna mtu aliyewahi kuvumilia hadithi hiyo kupita Mbeya!

Nimempa jina Kapiri.

Mwenye kituo ni daktari wa mifugo, mama mmoja Mchaga wa Kibosho, anaitwa Hedwiga. Mtani wangu. Alisema Mpare anaweza kuuza ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku, kwa hiyo anataka kwanza barua ya jirani yangu. Nikamjibu kuwa Mchaga akikupa kitu bure, hesabu vidole vyako. Tulicheka sana. Kisha akaacha kucheka, akataja masharti: nyumba ya mbwa isiyovuja, uzio, barua ya jirani, na kijitabu nikisome chote. Atakuja kukagua Jumamosi ya tarehe 15 na Kapiri atakuwa naye garini. Akiridhika, anamwacha. Asiporidhika, anaondoka naye.

Fomu nimeijaza mwenyewe. Maswali kumi na mawili. Nilisoma manne, yaliyobaki nikaweka alama ya vema. Mtu anayejiamini hasomi sana.

Jumanne, 4 Juni

Ukungu umeingia mpaka ndani, umekaa kwenye kiti cha mgeni. Siku nzuri ya kusoma. Nimesoma kijitabu nikiwa nimelala chali, kama wasomi.

Mambo mazito humu. Mbwa apewe maji safi kila siku. Asifungwe mnyororo kutwa. Achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, na kadi itunzwe. Atembezwe. ATEMBEZWE! Mbwa wa huku wametembea wenyewe tangu enzi za mababu. Lakini nikafumba macho, nikaona. Mimi na Kapiri, jioni, tunateremka njia ya mashamba ya tangawizi. Watu wamesimama milangoni. Wanaulizana yule nani. Wanajibiwa yule Tumainieli na mbwa wake, msiwasemeshe, wanatembea.

Hapo nikasinzia. Nimeota Kapiri anaendesha fuso, mimi utingo wake. Mlima Kitonga tuliushuka polepole kama unyoya. Tunduma akateremka kusaini karatasi kwa ukucha, askari wakampigia saluti.

Dada yangu Koleta ndiye aliyeniamsha. Ananizidi miaka sita, anaishi ng'ambo ya migomba yangu, na goti lake la kulia linamsumbua kila akirudi na ndoo kutoka chemchemi. Shikamoo, dada. Marahaba, na nani huyo anayesaini? Nikamweleza yote. Nikamwambia Hedwiga analiita jambo hili kuasili, kama mtu anavyoasili mtoto. Koleta akauliza kama huyo mbwa atarithi shamba la tangawizi. Nikasema fomu haikutaja. Akasema basi nirudi nikaiangalie, maana ukoo wetu umeshapelekana baraza la kata kwa mambo madogo kuliko hayo. Akaongeza kuwa mbwa wa marehemu baba alilala jivuni, akala ukoko wa makande, akaishi miaka kumi na minne bila kusomewa kitabu.

Mtu mwenye ndoto habishani na mtu mwenye goti.

Alhamisi, 6 Juni

Ujenzi umeanza. Ujenzi umeisha.

Nilisimamisha miti minne, nikaezeka bati la zamani. Likapendeza! Nikaingia kupima mbwa angejisikiaje. Nikalala, nikatazama Shengena kupitia mlango wa mbwa. Ukiitazama dunia kutoka chini vile, mlima unakuwa mrefu mara mbili na watu wanabaki miguu tu. Nilikaa humo muda mrefu. Nilipojigeuza, nyumba ikageuka nami.

Koleta alinivuta kutoka chini ya bati. Hakuuliza chochote. Afadhali angeuliza.

Mchana nikaenda kwa Melkizedeki kuomba barua. Jirani yangu, mwenyekiti wa kitongoji. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la sita. Yeye akaenda la saba, na kwa mwaka huo mmoja amenisumbua miaka arobaini na tano. Nikamwamkia kwa cheo chake. Akasema karibu, leo nimekuja na balaa gani. Aliposikia mbwa, akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema hata kuku wangu walihamia kwake kwa hiari yao. Akasema mbwa huyo akitia pua tu kwenye mpaka wake, anafungua kesi, mshitakiwa wa kwanza na mshitakiwa wa pili. Nikauliza mimi nitakuwa wa ngapi. Akasema wa pili, wa kwanza lazima awe mwenye akili timamu.

Nimeondoka na heshima yangu. Barua sina.

Jumamosi, 8 Juni

Wazo limekuja. Halikubisha hodi. Nilikuwa natazama moshi wa jikoni kwa Koleta ukipanda kuingia kwenye ukungu, huwezi kujua wapi mmoja unaishia na mwingine unaanzia, mara likaingia.

Melkizedeki amesafiri kwenda Msangeni, kupeleka posa ya mwanawe. Harudi mpaka Jumamosi ijayo. Pembe ya msaragambo ameiacha kwa Koleta, ambaye ni mjumbe wa kamati ya maji. Imetundikwa jikoni kwake, juu ya mafiga.

Pembe hiyo ikilia mara tatu alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Ndivyo tulivyochimba mifereji. Ndivyo tulivyojenga shule. Ndivyo tunavyozoa tope kila mwaka kwenye ndiva, lile bwawa la wazee tunalonyweshea mashamba. Asiyetokea hukumbushwa mpaka siku ya mazishi yake. Na hakuna anayeuliza faida ni ya nani, maana kazi ya msaragambo ni ya wote.

Sasa nauliza, daftari langu. Mimi si mmoja wa wote? Na mbwa wangu si wa mmoja wa wote? Basi! Hata wakili hawezi kulipangua hilo.

Koleta yuko kwaya. Jiko lake halina kufuli.

Jumatatu, 10 Juni

Alfajiri nilipanda lile jiwe la nyuma ya nyumba, nikapuliza. Mara ya kwanza ikatoka sauti ya mbuzi mgonjwa. Ya pili, safi. Ya tatu nilijisikia chifu! Mbwa wote wa mlimani wakaitikia, na ukungu ukarudi nyuma hatua moja.

Wakaja watu thelathini na mmoja. Majembe, sururu, mapanga. Koleta alidhani Mwenyekiti amenipigia simu kutoka Msangeni kuagiza kazi. Nikaacha adhani. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa tatu juu ya ulezi bora wa mbwa. Nikawatazama, wanahema, umande hadi magotini. Hotuba ikanirudi tumboni. Nikasema tu kwamba kuna kitu kinaletwa kwa gari kutoka Same siku ya Jumamosi, kitakaa hapa kwangu, kinahitaji nyumba ndogo ya mawe na uzio, na mkaguzi anakuja nacho.

Mzee Fanueli, mwenye sururu, akauliza kwa sauti ya chini kama ni maji.

Nikakohoa. Mungu shahidi, nilikohoa tu! Fanueli akawageukia wenzake, akawaambia ni chemba ya bomba, hatimaye. Miaka mingapi tumeahidiwa bomba? Mama mmoja akapiga kigelegele. Koleta akanitazama usoni. Mimi nikatazama mlima.

Sijapata kuona kazi kama ile. Mawe yalipita mkono kwa mkono kutoka korongoni, watu wanaimba. Wakachimba msingi. MSINGI! Fanueli akatoa bati lake jipya kwa hiari. Walipouliza mlango uwe na ukubwa gani, nikawaonyesha kwa mkono, chini ya paja. Fanueli akasema fundi wa bomba itabidi aingie kwa magoti. Nikasema atazoea.

Koleta alipika makande sufuria mbili. Alikuwa anacheka. Alisema bomba likiwa hapa, hatua hamsini tu, goti lake atalilaza kitandani kama mgeni na kulipelekea chai.

Mchana nilijilaza. Fuso halikuja.

Jumatano, 12 Juni

Mambo yamezidi kukua. Fanueli alimpigia Melkizedeki simu Msangeni kumpongeza kwa mradi. Na Melkizedeki akasema nini? Akasema eeh, mradi huo ameufuatilia yeye mwenyewe kwa siri, miezi minane! Nimecheka mpaka nikakaa chini. Halafu sikuinuka haraka.

Nimeteremka Same kwa bodaboda kumzoea Kapiri. Kijitabu kinashauri hivyo. Nilikuta amelala kivulini. Nikamwita. Hakugeuka. Nikapiga mluzi wa kiutingo, ule unaosimamisha lori la tani thelathini. Mbwa wengine wakaruka kama kumeingia chui. Kapiri anatazama kipepeo. Nikamwambia Hedwiga kuwa mbwa huyu ana maringo ya kisomi. Hedwiga akanitazama. Akasema mtani, huyu hasikii. Tangu agongwe. Ni swali la saba kwenye fomu, na wewe uliweka vema kwamba umesoma na umeelewa.

Nikakaa mavumbini. Kumbe Kapiri Mposhi yote, Tunduma, zile siku tatu. Hakusikia hata Mbeya.

Basi akaniona. Akaja, akaweka kidevu juu ya goti langu, akatazama mdomo wangu. Akasubiri uanze kutembea. Hedwiga akasema wasiosikia husoma uso, ukinyamaza atakusubiri. Akasema pia kama nataka kughairi nighairi leo, hana lawama. Nikauliza mbwa wa namna hii anafundishwaje. Kwa mikono. Kiganja juu, keti. Kiganja chini, lala.

Kwa mikono tu? Mimi nimeongea kwa mikono miaka kumi na tisa! Nyuma ya lori, injini inanguruma, dereva anakutazama kwenye kioo, utaongea na nini kingine? Nikamfanyia Kapiri ishara ya rudi nyuma, kata kulia. Akarudi nyuma. Akakata kulia. Hedwiga akageuka pembeni kufuta kitu jichoni, akasema ni vumbi la Same.

Wakati wa kupanda, mawingu yalikuwa chini ya bodaboda yetu. Nilikuwa naelea. Nikawaza kwamba watu wote ninaowasimulia wana masikio mazima, na hakuna hata mmoja anayenitazama.

Ijumaa, 14 Juni

Leo niliamua kusema ukweli. Nimekwenda kwa Koleta mapema, maneno nimeyapanga. Nikamkuta anasugua pipa la bluu kwa mchanga. Pipa la harusi ya mwanawe, lile lenye mfuniko. Akasema kesho litajazwa kwa mara ya kwanza bila goti. Akanipa upande mmoja nisugue.

Nimesugua. Nimesugua vizuri sana.

Jumamosi, 15 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa nne gari la Hedwiga likatokea kwenye kona. Uwanja wangu ulikuwa umejaa. Akina mama wamevaa vitenge vya Jumapili, kila mmoja na ndoo kichwani, wanaimba. Fanueli amevaa tai. Melkizedeki amerudi kutoka Msangeni alfajiri hiyohiyo kwa ajili ya hotuba, suti ya posa bado mwilini. Koleta yuko mbele na pipa lake.

Hedwiga akashuka. Akashangaa. Akaniuliza kama mapokezi yote hayo ni ya Kapiri. Nikasema watu wa huku wakarimu. Melkizedeki akakaribia, akamkaribisha mheshimiwa mhandisi, akasema kitongoji chake kimesubiri kwa uvumilivu. Hedwiga akasema yeye si mhandisi. Akafungua mlango wa mbele. Akamteremsha Kapiri.

Nyimbo zikakatika moja moja, kama taa za mji. Fanueli akauliza kama bomba liko kwenye gari la nyuma.

Na Kapiri, heri yake, hakusikia lolote. Aliwapita wote na ndoo zao, akaingia nyumba ya mawe, akazunguka mara mbili, akalala. Mlango ulimtosha kama ulipimwa kwake. Ulipimwa kwake! Hapo ndipo watu walipoelewa.

Sitaandika yaliyosemwa. Mama mmoja alisema hata shetani angechimba msingi wake mwenyewe. Fanueli aliomba bati lake, halafu akasema basi, liache, akaondoka akivua tai. Melkizedeki alinyamaza. Nilijua kwa nini. Koleta akalilaza pipa ubavu, akaanza kulisukuma kurudi nyumbani, anachechemea. Nikaenda kumsaidia, akaniambia niondoe mkono.

Hedwiga aliuliza, nikamweleza yote. Akaikagua nyumba, akasema ni nzuri kuliko yake. Kisha akasema anayeweza kumdanganya dada yake juu ya maji, kesho atamdanganya yeye juu ya chanjo. Akamchukua. Kapiri aliketi kiti cha nyuma, akanitazama kwenye kioo mpaka konani. Alikuwa anasubiri ishara. Sikujua nimfanyie ipi.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya ibada watu wakakaa kwenye ukingo wa ndiva kunihukumu. Desturi ya zamani: anayepuliza pembe kwa tumbo lake anarudisha kazi kwa mgongo wake. Siku thelathini na moja, siku moja kwa kila mtu aliyekuja. Wakanionea huruma, wakashusha mpaka saba. Nitazoa tope la ndiva peke yangu. Fanueli akauliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo refu. Nikasema samahani. Wakangoja nyongeza. Haikuwepo. Walishangaa kuliko nilivyoshangaa mimi.

Alhamisi, 20 Juni

Siku ya nne ya tope. Limepanda mpaka kwenye nyusi. Kila asubuhi kabla ya tope nateremka chemchemi, naleta ndoo mbili, naziweka mlangoni kwa Koleta, nakimbia. Jana ndoo tupu zilikuwa zimeoshwa na kugeuzwa. Leo juu ya moja kulikuwa na muhogo wa kuchemsha. Hakuna neno. Muhogo tu.

Nikiinama sana kwenye tope naanza kuona mambo. Mawingu yako chini majini, mimi niko juu yake, na Kapiri anatembea kwenye ukingo, anageuka kuangalia kama nakuja. Nikainua kichwa. Alikuwa Melkizedeki.

Akasema upande wa kushoto nimezoa vizuri. Nikamshukuru. Nikauliza ule mradi aliofuatilia miezi minane umefikia wapi. Akakohoa. Nikamwambia kikohozi hicho nakifahamu. Akachuchumaa. Akakiri kuwa dukani wanamwita Mheshimiwa Mhandisi, na mkwe mtarajiwa wa Msangeni ameshasikia. Nilitaka kucheka, lakini tope lilinikausha uso.

Kisha akaongea kama mtu wa darasa la saba. Akasema nyumba ile imejengwa kwa jasho la umma, kwa hiyo ni ya umma, anaweza kunipeleka baraza la kata na akashinda. Nikasema iko kwenye ardhi yangu, nitakata rufaa. Tukatazamana kwa raha. Sisi ni Wapare, hapo ndipo tunapojisikia nyumbani. Akasema lakini iko njia. Zana za ndiva hazina stoo. Nyumba ikiwa stoo ya zana na pembe, na ikiwa na mlinzi, basi msaragambo ulikuwa msaragambo halali, na yeye kweli alikuwa na mradi. Akauliza mbwa huyo ana masikio.

Nikasema anayo mawili, na moja limesimama.

Akaandika barua palepale, kwenye goti. Inasema Tumainieli ni mwongo wa muda mrefu, lakini kiumbe chochote kilicho chini yake hakijawahi kulala njaa, na kitongoji kinamhitaji mbwa. Kuku wangu hakuwataja. Muungwana.

Jumatatu, 24 Juni

Jana nimemaliza tope. Leo nimeteremka Same na barua. Hedwiga ameisoma mara mbili. Akasema inatosha kwa jirani, lakini anataka sahihi ya aliyeumizwa zaidi. Nikapanda tena mlimani. Nikakaa mlangoni kwa Koleta na kalamu.

Aliniacha nikae. Akachambua maharage yote, akapepeta mahindi. Mwisho akauliza nini hasa nataka kwa mbwa. Si mzaha, akasema, jibu kama mtu. Nikasema ananitazama ninapoongea. Akauliza na yeye je. Nikasema wewe dada unatazama maharage.

Akainua macho. Akanitazama muda mrefu. Halafu akasaini, kwa sharti kwamba nitamchotea maji mpaka siku bomba litakapofika kitongojini. Yaani nimefungwa maisha! Nimekubali.

Nikateremka tena, siku hiyohiyo, mkia wa bodaboda mikononi mwa Mungu. Hedwiga akaniuliza jambo moja tu. Kama nimewaambia wanaomtegemea kuwa mlinzi kwamba mbwa hasikii.

Nikasema nimewaambia.

Jumapili, 30 Juni

Kapiri yuko hapa siku ya sita. Maji safi, kadi ya chanjo imetundikwa ukutani mahali pa kalenda, matembezi asubuhi mpaka chemchemi na jioni njia ya tangawizi. Watu wanasimama milangoni kweli. Ukungu ukishuka anatembea mbele, mkia tu unaonekana, kama bendera ya meli nisiyoijua inakokwenda.

Juzi Fanueli alikuja kuchukua sururu. Aliangusha majembe matatu, akaimba beti mbili, akatoka. Kapiri amelala fofofo mlangoni. Fanueli akaniuliza mlinzi gani huyu. Ulimi ukateleza wenyewe. Nikasema mbwa wa aina hii habwekei watu waaminifu. Anawajua kwa harufu. Anabwekea mwizi tu.

Uso wa Fanueli ukang'aa kama amebatizwa upya. Akaenda kusimulia.

Sasa tangu jana wanakuja mmoja mmoja. Wanasema wanataka jembe. Wanapita karibu na Kapiri, wanasimama, wanasubiri, wanakanyaga kwa nguvu. Habweki. Wanaondoka wamenyoosha mabega, jembe wamesahau. Melkizedeki amekuja mara mbili, ya pili akiwa na mkwe mtarajiwa. Koleta alipita na sufuria, akaigonga kwa mwiko makusudi, akanitazama, akatazama mbwa, akanitazama tena. Nikamwonyesha kwa mkono ishara ya utingo ya kusimama. Alicheka peke yake mpaka kwake. Kesho wanakuja wazee wa kitongoji jirani, wana kesi ya mpaka wa shamba isiyoisha, wanataka Kapiri aamue. Nimewapangia saa tatu.

Nimekaa naye sasa jua linapochungulia. Namsimulia Kapiri Mposhi, tumeshapita Mbeya, tunakaribia Tunduma. Ananitazama mdomoni.

Waombaji arobaini ni uongo. Fomu ilikuwa moja. Hakuna mtu mwingine aliyemtaka.